Deni la Nyavu Linakwenda Wapi?

Jumapili moja, baada ya sala ya shirika letu hapa Vitshumbi, mama mmoja alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu siku ile. Mama huyu ni mjane. Marehemu mume wake alimwachia mtumbwi mmoja, naye akanunua nyavu mpya kwa mkopo kwa mfanyabiashara wa sokoni, ili watoto wapate kula na kusoma. Kijana mmoja katika wale wavuao kwa mtumbwi wake alizitwaa nyavu hizo usiku bila ruhusa, akaenda kuzitega penye mazalio ya samaki, mahali palipokatazwa. Walinzi wakamkuta. Nyavu zilichomwa moto, na mtumbwi ukazuiliwa majuma mengi. Kijana akaja mbele ya watu wote, akapiga magoti, akaomba radhi. Na machozi yake, kwa kadiri tulivyoweza kuona, yalikuwa ya kweli. Watu wakapiga makofi. Wazee wakasema, "Mama, samehe, mambo yaishe." Yeye akatugeukia, akasema, "Mwalimu, kusamehe nitasamehe. Lakini nikisha kusema nimesamehe, deni la nyavu linakwenda wapi?"

Wako walioguna, wakidhani anapenda fedha kuliko roho ya ndugu yake. Sisi tulijibu kwa maneno ya jumla, kama wafanyavyo wasiojua, tukafunga sala. Lakini swali halikufungwa. Lilitufuata mpaka nyumbani, na usiku ule tukafungua madaftari yetu ya zamani ya seminari, tukakuta humo neno moja la Kiebrania ambalo mwalimu wetu wa Maandiko aliliandika ubaoni na kulikalia karibu saa nzima. Enzi zile tulidhani anapoteza wakati.

Neno lenyewe lina herufi tatu: nun, sin, alefu. Husomwa *nasa*, na sauti hukazwa mwishoni. Tulipolitaja mara ya kwanza katika mafundisho, wavuvi walicheka wakasema, "Kumbe Waebrania nao hunasa samaki!" Msomaji asidanganywe na masikio. Kunasa kwetu ni kutega na kushika. *Nasa* yao ni kuinua na kubeba. Limo katika Agano la Kale zaidi ya mara 600, na mara nyingi maana yake ni ya kawaida kabisa. Maji ya gharika yaliiinua safina ya Nuhu. Abrahamu aliinua macho akauona mlima kwa mbali. Mtumishi hubeba mzigo, mti hubeba matunda. Mkuu wa kabila huitwa *nasi*, yaani aliyeinuliwa, na mzigo huitwa *masa*; na ajabu ni kwamba neno zito la nabii nalo huitwa *masa*, kana kwamba nabii ametwishwa.

Tena Waebrania walipenda kulichezea neno hili. Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 40, Yosefu akiwa gerezani anawafumbulia ndoto watumishi wawili wa Farao. Mnyweshaji anaambiwa kwamba baada ya siku tatu Farao atainua kichwa chake. Mwokaji mikate naye anaambiwa kwamba baada ya siku tatu Farao atainua kichwa chake. Neno ni lile lile. Ila wa kwanza aliinuliwa kichwa akarudishwa kazini, na wa pili kichwa kiliinuliwa kikatoka juu ya mabega yake, naye akatundikwa mtini. Basi tangu mwanzo tunaonywa: neno la kuinua si neno la raha tu. Yafaa kuuliza nani anainuliwa, na kwa gharama ya nani.

Sisi tusemao Kiswahili tumeigawa kazi hii kwa maneno mengi. Mzigo ulio chini tunauinua, tukimsaidia mwenzetu kuuweka kichwani tunamtwika, akifika anautua. Mtoto wa mgongoni anaelekwa, wa mapajani anapakatwa. Taabu inastahimiliwa. Takataka zinaondolewa. Kila jambo lina neno lake, na hiyo ni mali kubwa. Lakini kwa sababu ya utajiri huo tunaweza kukosa kuona kile alichokiona Mwebrania, ambaye kwa neno moja alisema yote: kuinua, kubeba, kuondoa. Na kwa neno hilo hilo alisema pia kusamehe.

Hapa ndipo tulipokaza macho. Katika Kitabu cha Walawi, sura ya 5, mtu aliyeficha ushahidi anaambiwa kwamba ataubeba uovu wake. Maana yake hatia iko juu yake. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 34, Mungu anapita mbele ya Musa na kujitangaza kuwa mwenye huruma, tena mwenye kuubeba uovu. Maana yake anasamehe. Maneno mawili ni yale yale, kubeba na uovu. Mkosaji akiubeba, amehukumiwa. Mungu akiubeba, mkosaji amesamehewa. Kosa lenyewe halikugeuka kuwa si kitu. Lililogeuka ni bega.

Wafasiri wa kale walihangaika na jambo hili. Kaini, alipokwisha kumwua Abeli na kusikia hukumu, alisema neno ambalo laweza kufasiriwa kwa njia mbili. Biblia nyingi za leo humfanya aseme kwamba adhabu yake ni kubwa kuliko awezavyo kuivumilia. Lakini Mtakatifu Yeronimo katika Kilatini, na kabla yake ile tafsiri ya Kigiriki iitwayo ya Sabini, walielewa kwamba Kaini anasema uovu wake ni mkubwa mno hata usiweze kusamehewa. Nani amekosea? Sisi tunadhani hakuna aliyekosea, kwa maana Kaini alisema *nasa*, na *nasa* ni yote mawili. Asiyeona mtu wa kumbebea, mzigo wake hauchukuliki.

Watazameni na ndugu za Yosefu. Baba yao alipokufa waliogopa, wakatuma watu kumwomba abebe kosa lao. Kiebrania husema hivyo, nasi tunafasiri "usamehe". Yosefu akalia. Kisha hakusema tu kwamba yamekwisha. Aliahidi kuwalisha wao na watoto wao. Msamaha wake ulikuwa na unga ndani yake. Miaka yake ya utumwa na ya gereza hakuna aliyemrudishia. Hiyo aliibeba mwenyewe, na juu ya hiyo akawabeba na waliomwuza.

Na mwishoni mwa njia hii anasimama yule Mtumishi wa Bwana, ambaye Nabii Isaya anamsimulia katika sura ya 53. Mara mbili humo neno ni *nasa*: aliyabeba magonjwa yetu, akaibeba dhambi ya wengi. Yohane Mbatizaji alimwonyesha Yezu kwa kidole akamwita Mwanakondoo. Katika Misa tunamwita kila siku uondoaye dhambi za dunia. Ndugu zetu Waprotestanti katika Biblia yao ya Kiswahili husema achukuaye. Kilatini cha zamani, *tollis*, chaweza kubeba maana zote mbili. Hatuna neno baya na "kuondoa", maana dhambi huondoka kweli. Lakini neno hilo linaficha bega. Tukisikia kuondoa tunafikiri ufagio. Na Bwana wetu hakuja na ufagio.

Mtu mmoja alitupinga kwa Maandiko, nasi tulimshukuru. Alisema, "Mwalimu, Nabii Mika anasema Mungu atazitupa dhambi zetu katika vilindi vya bahari. Je, huko si kutupa?" Ni kweli, imeandikwa katika sura ya 7. Lakini aya inayotangulia inamwita Mungu mwenye kuubeba uovu, kwa neno hili hili *nasa*. Watu wa Vitshumbi hawahitaji kufundishwa jambo hili: hakuna awezaye kutupa kilindini asichokiinua kwanza. Kinachosukumwa majini kwa mguu tu, wimbi hukirudisha asubuhi, na makorongo wa hapa hukipigania mbele ya milango yetu.

Basi tulimwendea mama yule tukamweleza haya. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe mlikuwa mnaniambia nibebe, mkaita kutupa."

Tuliona haya. Maana hapa pana hatari kubwa, na tusipoitaja, mafundisho yote yaliyotangulia yatakuwa fimbo ya kuwapiga wanyonge. Ni rahisi mno mtu mwenye mabega matupu kumwambia mwenye mzigo, "Beba, ndivyo Kristu alivyofanya." Katika nchi hii yetu ya Kivu watu wamebebeshwa vita tangu miaka ya 1990, na katika Machi 2024 vita vilifika Vitshumbi penyewe. Wako waliokimbia na godoro kichwani na mtoto mgongoni. Wako waliozika bila kuuona mwili. Sisi hatutasimama mbele ya mtu wa namna hiyo na kumpa amri ya kusamehe kabla ya jua kuchwa. Musa mwenyewe, katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 11, alimlalamikia Mungu: je, ni mimi niliyewachukulia mimba watu hawa, hata niwabebe kifuani kama mlezi abebavyo mtoto mchanga? Aliomba hata afe. Mungu hakumkemea, wala hakumwambia aongeze uvumilivu. Alimwambia akusanye wazee 70, nao wabebe pamoja naye. Neno ni lile lile.

Kwa hiyo wale wazee wetu waliosema "samehe, mambo yaishe" walipaswa kuulizwa swali la pili: ninyi mtashika upande gani wa mzigo? Nasi tuliwauliza. Kusema kweli tuliuliza kwa woga, kwa sababu kijana yule ni mtoto wa ndugu wa mzee mmoja mwenye mitumbwi mingi, na makofi ya Jumapili ile hayakuwa yote ya huruma. Waebrania wanalo jina la jambo hilo pia, na wanalisema kwa neno hili hili! Kupendelea watu wanaita kuinua uso. Kumbukumbu la Torati, sura ya 10, inasema kwamba Mungu hainui nyuso wala hapokei rushwa. Kubeba kosa la mtu ni rehema. Kuinua uso wake kwa sababu ya jamaa zake ni dhuluma. Na kwa mbali mambo haya mawili yanafanana kama mapacha.

Waumini wa jimbo letu la Goma wanao mfano wa mtu aliyeyatofautisha. Floribert Bwana Chui alikuwa mtumishi wa ofisi ya ukaguzi wa bidhaa mjini Goma. Alikataa fedha alizopewa ili vyakula vilivyoharibika vipite na kuuzwa kwa watu. Mwaka 2007 alitekwa akauawa, akiwa na miaka 26, na tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye heri huko Roma. Hakuinua uso wa mtu. Angeuinua, mzigo ungalishuka juu ya matumbo ya maskini asiowajua hata kwa majina.

Yako na mazalio, ambayo katika kisa hiki watu huyasahau kwa sababu hayana mdomo. Vitshumbi ni kijiji cha wavuvi ndani ya Parki ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Ziwa Edward lina mpaka wake, na uvuvi una sheria zake, na wenye njaa huzinung'unikia. Nasi tumenung'unika pamoja nao. Lakini Mwanzo, sura ya 13, inasimulia kwamba Abramu na Loti walitengana kwa sababu nchi haikuweza kuwabeba wakikaa pamoja. Tena ni *nasa*: nchi nayo hubeba, na nchi nayo huchoka. Wazee wa hapa wanakumbuka viboko wengi kando ya maji. Katika miaka ya 1970 viboko wa parki hii walihesabiwa zaidi ya 20,000. Kufika mwaka 2005 walikuwa hawafiki 1,000, kwa sababu ya bunduki na ya nyama, na samavi yao iliyolisha maji imepungua pamoja nao. Anayetega nyavu penye mazalio amemtwika mzigo mtoto ambaye hajazaliwa bado, ambaye atasukuma mtumbwi wa babaye akakuta maji matupu. Huyo hakuwapo Jumapili ile kuombwa radhi.

Basi deni linakwenda wapi? Tulikaa jioni tatu pamoja na mama, kijana, mjomba wake na wazee, tukapima mzigo kipande kwa kipande, kama watu wanaogawa samaki. Kipande cha kwanza ni cha kijana mwenyewe. Kanisa hufundisha kwamba ondoleo la padre linafuta dhambi, lakini halimfungui mtu wajibu wa kutengeneza alichoharibu, iwapo anaweza. Kusamehewa hakumpokonyi mtu mikono. Akakubali kutoa nusu ya fungu lake la samaki kila juma. Alikubali haraka kuliko mjomba wake.

Kipande cha pili ni chetu. Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 7, Musa anawagawia Walawi magari ya ng'ombe kwa kubebea vitu vya hema takatifu. Wana wa Gershoni wanapata magari mawili, wana wa Merari manne. Wana wa Kohathi hawapati hata moja, kwa kuwa vitu vitakatifu vilivyo zamu yao hubebwa begani. Sisi watu wa Kivu tunapenda chukudu, na ni haki. Mjini Goma imesimamishwa hata sanamu yake iliyopakwa rangi ya dhahabu, kwa heshima ya chombo cha mbao kilicholisha jamaa nyingi. Viazi, makaa, mbao, vyote chukudu hubeba. Lakini shida ya mjane haipandishwi juu ya chukudu ikasukumwa kwa mwenzako. Wenye mitumbwi sita walitoa, na mjomba alitoa, baada ya kukaa kimya kirefu ambacho hatutakisimulia.

Kikabaki kipande cha tatu, na hicho ndicho kilichotufundisha maana ya *nasa* kuliko ubao wa seminari. Kwa majuma yale mtumbwi haukutoka. Mtoto wa pili wa mama alirudishwa kutoka shuleni kwa kukosa ada, akapoteza mwaka. Mama aliuza vitenge vyake, na kimoja alikuwa amepewa na marehemu. Hayo kijana hawezi kuyalipa hata akivua mpaka uzee wake, wala shirika haliwezi, wala hakimu. Mtu aliyekosewa ana njia mbili tu mbele ya kipande hicho. Aweza kumtwika mkosaji kila siku kwa maneno, kwa uso, kwa kumnyima salamu, na kwa kuwafundisha watoto wake wamchukie. Wala hatasema uongo, kwa maana deni ni la kweli. Au aweza kulibeba mwenyewe asimrudishie. Njia ya pili ndiyo Waebrania waliyoiita kwa neno letu, nasi tunaiita kusamehe. Kiswahili chetu nacho hakikulala: tuna neno kuchukuliana. Tunalisema kila siku katika ndoa na katika ujirani, bila kusikia kwamba ndani yake mna kuchukua.

Mama alituuliza, "Na mimi nani ananichukua?" Hatukukimbilia kumjibu. Tulimsomea Isaya, sura ya 46, polepole. Miungu ya Babeli imepakiwa juu ya wanyama, na wanyama wamechoka, wanainama chini ya sanamu. Ndipo Mungu wa Israeli anawaambia watu wake kwamba yeye habebwi. Yeye ndiye aliyewabeba tangu tumboni mwa mama, na atawabeba mpaka mvi. Mama aliyeeleka watoto watano hakuomba tafsiri. Alikaa kimya, kisha akauliza kama ni lazima amsalimie kijana yule barabarani. Tukamwambia kwamba salamu ni mwanzo mzuri, lakini asijilazimishe kucheka. Akasema ataanza na salamu.

Hayo ni ya mwaka jana. Kijana angali anavua katika mtumbwi ule ule, na siku za kwanza wenzake walimtania, sasa wameacha. Mama humpa samaki wa mboga kama wengine. Siku nyingine humpa bila kumtazama. Daftari la deni tunalitunza sisi, sandukuni pamoja na daftari la ubatizo. Juma lililopita lilibaki deni la nyavu moja na nusu.